Matanga ya Bimdogo, Mwenyewe Akiwepo

Bimdogo wa Mnyambe aliwekewa matanga akiwa hai, na mwenyewe akahudhuria. Ukibisha, shauri yako. Bimdogo alimzaa Pili, Pili akamzaa mama yangu, kwa hiyo habari hizi sikuziokota njiani. Na bibi Pili hakuwa mtu wa uongo, labda anaposimulia tu.

Zama zile Mjerumani ndiye aliyeishika nchi, na huko chini bondeni vita vya Maji Maji vilikuwa vimewaka. Sisi huku juu, kwenye uwanda wa Wamakonde, vita vyetu vilikuwa vya mtungi. Wanawake walishuka mteremko jogoo la kwanza kwenda kuteka maji, wakapanda nayo kichwani mpaka jua la utosi. Maji yalikuwa adimu hata mtoto akilia, mama yake alimkinga kibuyu shavuni. Siku moja akapanda mtu wa ile dawa ya maji, wale waliokuwa wakiitwa hongo, akasimama katikati ya kijiji chetu cha Mnyambe jasho linamtiririka.

"Leteni mtungi wa maji niutie dawa," akasema. "Mkinyunyiziwa, risasi za Mjerumani zitageuka maji."

Wanawake wakatazamana.

"Kumbe maji huna?"

"Nina dawa. Maji ni yenu."

"Baba wee, na sisi tulivyofurahi tukidhani umetuletea!"

Akashuka alivyopanda. Ndiyo maana, alisema bibi Pili, Mnyambe hawakwenda vitani. Haikuwa woga wala hekima, ilikuwa umbali wa kisima.

Basi Bimdogo alikuwa mama wa makamo, mjane, mwenye ndonya ya mpingo iliyopachikwa kwenye tundu la mdomo wa juu, pana kama kisahani, inang'aa. Na alikuwa na sauti. Akianza wimbo wa ngoma Mnyambe, kuku wa Tandahimba walinyanyua vichwa. Lakini mwaka ule, chini ya ile ndonya, kilimtoka kidonda kidogo kama punje ya mtama. Akanyamaza. Punje ikawa karanga. Akachongesha ndonya kubwa zaidi ili aifunike. Karanga ikapasuka, ikaanza kutoa maji na harufu.

Siku hizi ungemwambia ni saratani, ungempa na barua ya kwenda hospitali ya mkoa. Wakati ule lilikuwa donda lisilosikia dawa. Alitwangiwa majani, akapakwa majivu na mafuta ya nyonyo. Mganga wa Tandahimba akamchanja na kumuumika kwa pembe. Mwingine akaligusa kwa chuma cha moto, na hiyo siku, alisema bibi Pili, hata mbuzi walitoka zizini kwenda kutazama kuna nini. Donda likala dawa zote, likangoja nyingine. Mdomo ukavimba mpaka ugali haukupita tena. Bimdogo akawa mtu wa uji mwepesi, unamiminwa pembeni mwa kinywa kidogo kidogo, na mwili ukaanza kumwacha. Nyimbo ndizo zilizotangulia kuondoka.

Hapo ndipo alipopanda Bwanali.

Bwanali alikuwa Myao wa Lisekese, upande wa Masasi, mchuuzi wa chumvi, na ukoo wake na ukoo wa Bimdogo ni watani tangu mababu. Mtani, kama hukulelewa nao, ni mtu ambaye Mungu amempa ruhusa ya kukutukana na wewe amekunyima ruhusa ya kukasirika. Kwenye msiba yeye ndiye anayecheza na jeneza wakati wengine wanalia.

Alisimama mlangoni na mfuko wake wa chumvi begani.

"We mwanamke, hujafa tu?"

"Nife, nani atakucheka?" Bimdogo alijibu, lakini maneno yalitoka yamekunjamana. Bwanali akaweka mfuko chini. Akachuchumaa, akautazama ule mdomo kwa muda, na kwa muda huo hakutania.

"Mtani," akasema, "Masasi kuna daktari. Mzungu wa jeshi, amekuja na kikosi, amepiga hema chini ya jiwe. Nimemwona kwa macho yangu akimkata mpagazi uvimbe shingoni. Mpagazi siku ya pili yake ananitukana kwamba chumvi yangu ina mchanga. Mzima kabisa."

"Na mimi atanikata nini?"

"Mdomo."

"Mdomo! Na ndonya nivae wapi? Kisigino?"

"Utakaa bila."

"Mtoto wa kike akikaa bila ndonya mbele za watu ni kama amekaa uchi. Nitakufa nayo."

"Kikosi kinaondoka mwezi ukiandama, Mama Pili. Daktari naye anaondoka nacho."

"Na aende salama."

Bwanali akasimama. Akavua kofia. Akachota majivu jikoni, akajimwagia kichwani, akapaza sauti: "Ooo! Mtani wangu! Umekwenda! Nani sasa nitamuuzia chumvi yenye mchanga!" Kisha akaingia ndani, akajilaza kwenye kitanda cha Bimdogo chali, mikono kifuani, akasema hatoki mpaka maiti apatikane. Bimdogo akampiga kwa mwiko. Bwanali akazidi kulia. Majirani wakaja, wakaona, wakashika mbavu. Siku ile nzima Mnyambe ilicheka.

Sasa, kosa lilitokea mteremkoni. Kwetu maji hupanda kwa taabu, lakini habari hushuka mbio. Mwanamke aliyekuwa akienda kisimani alimwambia wa kijiji cha chini kwamba mtani wa Bimdogo anagaagaa na majivu kichwani. Sasa mtani akigaagaa na majivu, wewe utaelewaje? Habari ikavuka bonde, ikafika Lisekese, kwa mjomba wake Bimdogo, mzee Nurdini. Na Bimdogo, kwa mama yake, ni wa Lisekese. Mtu wa kwetu huzikwa na ukoo wa mamaye, hata afie wapi.

Bwanali alikuwa bado yuko Mnyambe, anauza chumvi na kuendelea kufiwa, wajomba walipotokea. Msururu mzima! Mbele mzee Nurdini na fimbo yake, nyuma vijana wamebeba kitanda cha kamba kwenye miti miwili, nyuma yao wanawake na unga, kunde, na kuku wananing'inia miguu juu. Wamevuka nchi ya vita wanalia, wamepanda mteremko wanalia. Wakaingia uani. Bimdogo amekaa kwenye mkeka, anapepeta mtama.

Kilio kikakatika kama kamba.

"Shikamoo, mjomba," akasema Bimdogo.

Mzee Nurdini hakuitikia. Alimzunguka. Akamgusa bega kwa ncha ya fimbo.

"We Bimdogo, umekufa au hukufa?"

"Sijafa, mjomba."

"Basi nani kanitoa Lisekese na miguu hii?"

Wote wakamtazama Bwanali. Bwanali akamtazama kuku.

Lakini chakula cha matanga kikishatoka nyumbani hakirudi. Unga ukirudi na wewe, umerudi na msiba. Kwa hiyo wakapika. Wakasonga ugali wa mtama mkubwa kama kichuguu, wakachinja kuku, wakaunga kunde kwa karanga, na Mnyambe yote ikaja kula matanga ya mtu aliyekuwa ameketi katikati yao. Watu walikula! Mwenye jino moja alilinoa. Walimsifu marehemu mbele ya uso wake: alikuwa mkarimu, alikuwa na sauti, alikuwa mkali kidogo kwa wakwe.

Bimdogo aliletewa paja la kuku, kwa heshima. Akalishika. Akajaribu kulipitisha chini ya ndonya, upande huu, kisha upande ule. Halikupita. Akachukua kitonge kidogo cha ugali, kama cha kumlisha mtoto. Hicho nacho hakikupita. Damu ikachuruzika. Watu wakaanza kujifanya wanaangalia pengine, na utani wote ukazima.

Akaliweka lile paja chini taratibu.

"Hivi kufa nife mimi," akasema, "na kushiba mshibe ninyi?"

Akamgeukia mzee Nurdini.

"Mjomba, kitanda hicho mmekuja nacho cha nini?"

"Cha kukubebea."

"Basi nibebeni. Lakini mkinifikisha Masasi msipinde kwenda makaburini. Nipelekeni kwa mwenye kisu."

Ugumu ulikuwa njia. Wapiganaji wa Maji Maji walimsimamisha kila mtu, na askari wa Mjerumani walimsimamisha kila aliyebaki. Mwenye mtama alinyang'anywa mtama, na kijana mwenye nguvu alichukuliwa na yeyote aliyemwona kwanza. Ila maziko! Nani atasimamisha maziko? Waliokuja kuchukua maiti walipita salama. Wakirudi na maiti watapita vivyo hivyo. Bimdogo akalazwa kitandani, akafunikwa shuka nyeupe toka kichwani hadi vidoleni, wakashika njia ya Newala. Pili alipewa kazi ya kulia. Alikuwa mwanamke mzima mwenye mtoto wake wa kwanza mgongoni, lakini kilio cha uongo kilimshinda, anapasuka kwa kicheko. Mama yake alimfinya kutoka chini ya shuka, na hapo kilio kilitoka kizuri sana.

Chini ya mteremko wa Newala, askari wawili.

"Simama! Mnabeba nini?"

"Marehemu," akasema mzee Nurdini.

"Wiki iliyopita marehemu alipita hapa, tukamfunua, tukakuta baruti. Siku hizi baruti nayo inakufa? Fungua!"

Akainua shuka mwenyewe. Bimdogo amefumba macho, amekauka kama gogo. Donda likamsalimu askari puani. Yule bwana akarudi nyuma hatua, akashika pua, machozi yanamlenga.

"Amekufa lini huyu? Mzikeni haraka!"

"Afande," akasema Bwanali kwa huzuni kubwa, "alikuwa hivyo hivyo alipokuwa hai."

Shuka ikatikisika kidogo. Askari hakuona, alikuwa amegeuka anatafuta upepo. Walipofika mbali, mkono ukatoka chini ya shuka, ukalishika sikio la Bwanali, ukalipindua mpaka likatazama nyuma. Alitembea vile mpaka walipopumzika. Bibi Pili aliapa kwamba sikio hilo halikurudi sawa tena.

Walivuka vijiji vilivyochomwa, nguzo nyeusi zimesimama peke yake na mashamba hayana mtu. Hapo hawakutania. Hata kitanda kilibebwa kwa upole. Karibu na Masasi, pale mawe makubwa yanapoanza kuchungulia juu ya miti, wakatokewa na kundi la wapiganaji, vichwani wamejifunga mabua ya mtama, mikononi mikuki na bunduki chache za kushindilia. Kiongozi wao alikuwa kijana, ameshika kibuyu kwa mikono miwili kama mwenye kubeba mtoto mchanga.

"Mna maji?" akauliza kwa ukali.

"Tuna maiti," akasema mzee Nurdini.

"Kauawa na Mjerumani?"

"Kauawa na donda."

Kijana akafikiri. Wenzake wanamtazama. Akasema, "Dawa hii inageuza risasi kuwa maji. Tumnyunyizie. Huenda ikamnyanyua."

"Mwanangu," Bwanali akasema haraka, "usijisumbue, huyu mwenyewe hapendi kunyanyuliwa."

Kijana hakusikia. Akafunua shuka, akamimina. Na Bimdogo, binti wa nchi isiyo na maji, aliyekuwa amefunikwa shuka juani tangu asubuhi, alipohisi maji baridi usoni aliketi wima na kufungua kinywa.

"Tia mengine," akasema.

Mikuki ilianguka yote kwa pamoja kama kuni. Watu walikimbia, wengine kwa miguu, wengine, alisema bibi Pili, hawakugusa ardhi kabisa. Alibaki kijana peke yake na kibuyu chake. Kuliko wote, aliyeshangaa kwamba dawa imefanya kazi alikuwa yeye.

Bimdogo akamchukulia kibuyu. Akanywa. Akadondoshea kidogo kwenye donda, maana huwezi jua. Akanywa tena mpaka kibuyu kikalia.

"Kwenu hamwamkii wakubwa?"

"Shi... shikamoo, mama."

"Marahaba. Mama yako yupo?"

"Yupo."

"Nenda kamsaidie kulima. Dawa yako nimeimaliza."

Kijana akautazama mkuki wake chini, akauruka, akaenda zake. Vita vikaisha, alisema bibi Pili, na siku moja walimwona gulioni anauza mihogo. Alipomwona Bimdogo alimpa mhogo mmoja bure, akafunga biashara siku ile.

Masasi, chini ya jiwe, hema lilikuwapo bado. Mbele ya hema aliketi Kasiani, kijana wa misheni aliyekuwa akimsaidia daktari kufunga vidonda na kumtafsiria. Alipoona kitanda na shuka alinyoosha mkono.

"Poleni wazee. Maziko ni kule."

"Tumekuja kutibiwa," akasema Pili.

"Dada, maiti hatibiwi."

Bimdogo akafunua shuka. "Kwani ninyi mnatibu wazima?"

Kasiani aliita jina la Bwana Yesu, kisha akamwita daktari.

Daktari alinawa mikono, akaushika ule mdomo kwa ncha za vidole, akautazama kwa kioo. Akampapasa Bimdogo chini ya taya na shingoni kwa muda mrefu, anatafuta. Akasema maneno, na Kasiani akayageuza.

"Anasema donda la namna hii huanza mahali pamoja, halafu hutembea. Likianza kutembea hushuka shingoni, likifika shingoni kisu hakilifuati tena. Lako bado halijatembea."

"Dawa ya kupaka hana?"

"Hana. Anasema angekuwa nayo angekupa. Ana kisu, na ana dawa ya kunusa ili usisikie kisu."

"Na ndonya?"

"Atakata donda na nyama nzima iliyolizunguka. Tundu la ndonya litakwenda humo."

Bimdogo aliigusa ndonya kwa kidole. Hakuna aliyewahi kumwona bila ndonya toka alipochezwa unyago. Kisha akainua mkono mwenyewe, akaitoa, mdomo ukaning'inia, na hakujifunika. Aliwatazama mmoja mmoja, mjomba, binti, mtani, mpaka kila mtu akawa amemwona.

"Mwambie aanze. Ila asianze mpaka nimalize wimbo."

Wakamlaza, wakamwekea kitambaa chenye dawa. Akaimba, wimbo umevunjika, pumzi inavuja. Akafika katikati, sauti ikawa nzito, ikalala.

Alipozinduka alikuwa ameshonwa kama kikapu. Kasiani akamwambia asiseme wala kucheka mpaka nyuzi zitoke. Hizo zilikuwa siku za raha ya Bwanali. Maisha yake yote alikuwa akitukana na kujibiwa. Sasa anatukana bila majibu. Asubuhi anakuja, "Habari ya sungura?" Jioni anakuja, "Mtani, nimeota unaniomba msamaha." Bimdogo akawa anajibu kwa miguu. Bwanali akajifunza kukaa mbali.

Nyuzi zilipotoka, daktari akamshika tena shingo, akaridhika. Akasema: kila masika na kila kiangazi ajipapase mwenyewe, mdomo na taya, na akiona kitu asikifunike, aje. Hakusema amepona. Alisema hakuona kilichobaki. Bimdogo alilishika neno hilo. Miaka mingi baadaye, punje ikaota tena pembeni mwa kovu. Safari hiyo hakungoja karanga. Alijipeleka misheni kwa miguu, mama yangu mchanga mgongoni, wakaikata, akarudi akiwa amebeba na mzigo wa kuni. Aliishi na ugonjwa huo kama mtu anavyoishi na jirani mwizi: bila chuki, lakini kila jioni anahesabu kuku.

Basi tukitoka Masasi turudi Lisekese, maana njia ya nyumbani ilipita huko. Na huko wakakuta watu wamekaa mkekani kwa siku hizo zote. Wakati mzee Nurdini yuko safarini kumfuata maiti, majirani wema walikuwa wamechimba kaburi.

Kaburi zuri, refu, limenyooka. Mzee Nurdini alisimama ukingoni akashika kiuno.

"Kaburi halifukiwi tupu," akasema jirani mmoja. "Litaita mtu."

"Tuzike mgomba," akasema mwingine.

Pili akakohoa. Akafungua pindo la kanga yake, akatoa kitambaa cheupe kilichofungwa vizuri. Ilikuwa ni ile nyama ya mdomo, Kasiani aliihifadhi kwenye chumvi ya Bwanali, na ndonya juu yake. Mzee Nurdini, ambaye alikuwa keshasilimu na anasoma, akasema kiungo cha mtu hakitupwi ovyo, huzikwa. Basi.

Wakaufunga mdomo wa Bimdogo kwa shuka ile ile, mzigo mdogo kama kitumbua. Wakaubeba kwa kupokezana kama desturi, ingawa ungeenea kiganjani. Bwanali akatumbukia kaburini kabla yake, akalala chali, akasema hatoki mpaka marehemu amwombe radhi kwa matusi yote aliyowahi kumtukana.

"Maneno yote yalipita mdomoni humo," akalia. "Nani sasa atanijibu?"

Bimdogo akasogea ukingoni. Watu wa Lisekese ndiyo kwanza wanamwona, kovu limevuta mdomo juu, meno mawili yanaonekana. Walikuwa wameinamisha macho kwa adabu. Akachukua donge la udongo, akamtupia Bwanali tumboni.

"Toka humo, Myao wa mchanga! Mkubwa mzima unamnyang'anya mdomo mahali pa kulala!"

Sauti ilitoka na upepo pembeni, kila neno na filimbi yake. Lakini ilitoka. Mwanamke mmoja akaguna puani, halafu makaburi yote yakaangua kicheko, na Bwanali alitoka kaburini akiwa anacheka mpaka ikabidi avutwe. Wakafukia. Bimdogo akaongoza wimbo, ule alioukatisha kwenye kitambaa, na filimbi yake ikawa kama ngoma ya pili ndani ya ngoma.

Baadaye wakakaa mkekani. Ugali ukaletwa, na kisamvu, na kuku. Bimdogo akanawa. Akakata tonge, akalifinyanga, akalitia kisamvu, akalipeleka kinywani huku watu wamesahau kula. Likaingia. Akatafuna upande mmoja, taratibu, amefumba macho, kisha akatafuna pande zote mbili. Akakata la pili kabla la kwanza halijashuka. Akavuta bakuli la kuku lililokuwa mbele ya Bwanali, akaliweka kwenye paja lake.

"Mtani!" Bwanali akasema. "Mfiwa hali namna hiyo! Watu watasemaje?"

Bimdogo hakumjibu. Kinywa kilikuwa kimejaa.